Bushi mpya, kelele ya zamani: kisa cha Hilux ya viazi Nakuru

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, ya dizeli, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Kazi yake ni kushusha viazi kutoka mashamba ya Mau Narok, kupitia Njoro, hadi soko la Wakulima hapa Nakuru. Mwenye gari ni mama anayefanya biashara hiyo mwaka mzima, na dereva wake ni kijana mtulivu asiyependa mbio. Hilo nalitaja mapema kwa sababu gari lilipofika kwetu kila mtu alikuwa ameshalaumiwa: dereva kwa kutojali mashimo, muuza spea kwa kuuza feki, hata wapakiaji kwa kuzidisha magunia.

Shida ilikuwa hivi. Kabla ya mvua ya masika, bushi za mikono ya chini (vipande vya mpira na chuma vinavyoshika mikono ya gurudumu kwenye chasisi) na raba za strati ba, fimbo inayouzuia mkono huo usiyumbe, zilibadilishwa zote katika gereji nyingine. Kelele zikaisha, usukani ukashika, mama akalipa akaenda zake. Miezi mitatu hivi baadaye kelele ikarudi upande wa kushoto: kishindo kimoja kizito kila gurudumu linapoingia shimoni, na kingine dereva anapokanyaga breki. Mwendo ukikaribia kilomita 80 kwa saa gari linatangatanga, na breki ikishikwa ghafla linavuta kushoto. Tairi ya mbele ya upande huo ilikuwa imeliwa ukingo wa ndani hadi kipara, ilhali katikati bado ilikuwa na meno mazuri.

"Fundi, niliuziwa feki," mama alisema kabla hata hajafunga mlango wa gari. Boksi la bushi alikuwa nalo, na risiti ndani yake. Alichotaka ni sisi tuandike kwamba spea ni mbovu ili arudi nazo dukani.

Hatukuandika. Bushi inaweza kufa mapema kwa sababu nyingi, na ubovu wa spea ni mojawapo tu. Kisa hiki nakieleza kwa urefu kwa sababu sababu iliyopatikana chini ya gari hili naiona mara nyingi mno, na kila ninapoiona kuna mtu aliyelipa kazi ileile mara mbili.

Bushi inavyofanya kazi

Kila gurudumu la mbele la Hilux hii limeshikwa na mikono miwili ya chuma, wa juu na wa chini. Mkono wa chini umefungwa kwenye chasisi kwa bolti moja upande wa ndani, kwa hiyo peke yake ungeyumba mbele na nyuma. Kinachouzuia ni strati ba, fimbo ndefu inayotoka kwenye mkono huo kwenda mbele hadi kwenye chasisi. Pale mbele inapita kwenye tundu la bati na kubanwa na raba mbili nene, moja upande huu wa bati na nyingine upande ule. Badala ya springi ya koili, uzito wa mbele unabebwa na tosheni ba, nondo inayojipinda kila gurudumu linapopanda.

Bushi ya mkono wa chini ina vitu vitatu: bomba la chuma la nje, mpira, na bomba dogo la chuma la ndani. Mpira huo umeshikamanishwa na mabomba yote mawili kiwandani, kwa joto na dawa, hadi vimekuwa kitu kimoja. Bomba la nje linasukumwa kwa presi ndani ya tundu la mkono. Bolti inapita katika bomba la ndani, na nati ikikazwa, masikio mawili ya chasisi yanalibana bomba hilo lisisogee hata kidogo. Miisho yake ina meno madogo kwa ajili hiyo hasa, kuuma chuma cha chasisi.

Mafundi wengi, wakiwemo wenye uzoefu mrefu, wanaamini kwamba mkono unazunguka juu ya bolti. Hauzunguki. Gurudumu likipanda, mpira unasokoteka upande mmoja, na likishuka unasokoteka upande mwingine. Hakuna chuma kinachoteleza juu ya chuma, ndiyo maana bushi ya aina hii haiwekwi grisi na haina pa kuiwekea.

Kutokana na hilo linafuata jambo ambalo kisa kizima kimelalia. Mahali mkono ulipo wakati nati inapokazwa ndipo mpira unapochukua kuwa mahali pake pa kupumzikia. Ukikaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake, mpira utapumzika gari likiwa limesimama. Ukikaza gari likiwa juu ya stendi na magurudumu yakining'inia, mpira utapumzika magurudumu yakining'inia, na siku utakayolishusha chini utakuwa umeusokota. Utabaki umesokotwa gari likienda, likiegeshwa, likilala usiku kucha. Kila shimo linaongeza msokoto juu ya msokoto uliokuwepo.

Tulichokikuta

Tulianza na breki. Dereva alikaa garini akalisogeza mbele kidogo na kufunga breki, akarudi nyuma kidogo na kufunga tena, huku sisi tukiangalia gurudumu la kushoto ndani ya madigadi. Lilikuwa likirudi nyuma kila breki ilipofungwa mbele, na kusogea mbele kila ilipofungwa nyuma. Halikuhitaji kupimwa, jicho lilitosha. Gurudumu linalotembea hivyo limepoteza kinachoshika strati ba. Upande wa kulia ulikuwa umetulia zaidi, ingawa nao haukuwa sawa.

Kisha gari likaingia juu ya shimo la gereji. Kwa mtaimbo mfupi tukasukuma mkono wa chini pale bolti inapopita. Kushoto, mkono ulitembea kivyake na bolti ikabaki kivyake, na kati yao pakaonekana mpira uliopasuka ukifunguka na kufunga. Kulia ulipinga kwa nguvu, lakini mpasuko mwembamba ulikuwa umeanza kuzunguka bomba la ndani. Boljointi, viungo vinavyounganisha mikono na gurudumu, zilikuwa nzima. Bushi za mikono ya juu hazikuguswa katika kazi ile ya kwanza, na kwa umri wake zilikuwa katika hali nzuri kuliko zile mpya za chini. Jambo hilo lilinishtua kidogo. Barabara ni ileile, mzigo ni uleule, na mpira wa zamani unavumilia huku mpya unapasuka.

Ndipo tukafanya jaribio ambalo ningemwomba kila fundi alifanye kabla ya kutupa bushi iliyokufa mapema. Kwenye upande wa kulia, ambako mpira ulikuwa bado hai kwa kiasi kikubwa, tulichora mstari mmoja wa rangi nyeupe kuanzia kwenye bomba la ndani, kupita juu ya mpira, hadi kwenye bomba la nje. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake mwenyewe, bila mzigo. Kisha tukailegeza nati polepole, bila kuitoa. Ilipolegea kiasi cha masikio ya chasisi kuachilia, bomba la ndani liliruka. Lilitoa sauti fupi kavu na likazunguka mbele ya macho yetu, na mstari uliokuwa mmoja ukawa vipande viwili vyenye pengo la karibu milimita tatu.

Milimita tatu zinaonekana kidogo mpaka ukumbuke zimepimwa kwenye bomba lenye kipenyo cha milimita 24. Tulipima pia mkono wenyewe. Kutoka katikati ya bolti hadi boljointi ni sentimita 36 hivi. Gari likiinuliwa hadi magurudumu yaning'inie, boljointi inashuka sentimita 10 kutoka pale inapokaa gari likisimama. Ukifanya hesabu, hiyo ni pembe ya digrii 16, na digrii 16 kwenye bomba la kipenyo kile ni kama milimita tatu na kidogo. Vipimo viwili vilivyochukuliwa kwa njia tofauti vilitoa jibu moja: nati zile zilikazwa gari likiwa hewani.

Sasa fikiria gurudumu likipigwa na shimo na kupanda sentimita 8 kutoka mkao wake wa kawaida. Mkono unapanda digrii 13 hivi. Bushi iliyokazwa vizuri inasokotwa digrii 13 hizo na kurudi. Bushi ya gari hili ilikuwa inaanzia 16, kwa hiyo inafika 29, na mpira wake haukuwahi kupata nafasi ya kurudi sifuri isipokuwa gurudumu linapopigwa jeki. Kwa nini kushoto kulitangulia? Kwenye barabara zetu gurudumu la kushoto ndilo linaloangukia ukingo wa lami uliomegeka na kupanda tena, hasa ukipisha malori. Lina kazi nyingi zaidi, basi.

Feki au si feki

Baada ya kuzitoa, bushi zote mbili zilikatwa kwa msumeno ili ndani yake ionekane. Mama alisimama pale pale, na nilitaka aone kwa macho yake.

Mpira mbovu huwa na dalili zake. Unabanduka kutoka kwenye chuma ukiwa mzima, na chuma kinabaki kisafi kwa sababu dawa ya kushikamanisha haikushika. Au unakuwa na vitobo vidogo ndani. Au unakauka na kupasukapasuka kila upande bila mpangilio. Bushi hizi hazikuwa na hata moja ya dalili hizo. Kwenye chuma cha ndani palibaki tabaka jembamba la mpira limeng'ang'ania pande zote, maana yake dawa ilishika vizuri. Kilichochanika ni mpira wenyewe, na ulichanika kwa kuzunguka bomba la ndani, nyuzi za mpasuko zikiwa zimelala upande mmoja, kama kitambaa kilichokamuliwa. Na za kushoto zililala kinyume cha za kulia, jinsi inavyopaswa kuwa mikono miwili inayotazamana ikisokotwa na uzito uleule.

"Kwa hiyo si feki?" mama aliuliza.

"Mama, spea feki zipo, na mimi nazikataa kila siku. Lakini hizi zimeuawa na spana."

Kulikuwa na kosa la pili, dogo kulitazama, zito kwa matokeo. Strati ba ya kushoto ilipofunguliwa, kibomba cha chuma kinachokaa katikati ya zile raba mbili hakikuwepo. Kazi ya kibomba hicho ni kuwa kikomo. Nati ikikazwa, wosha inabana raba hadi igote kwenye kibomba, na hapo hata ukiongeza nguvu raba haibanwi zaidi. Bila hicho, fundi anakaza na kukaza akisubiri nati igome, na raba inaendelea kubinywa mpaka inamwagika nje ya wosha. Raba za kushoto zilikuwa hivyo: zimekuwa nyembamba kama nusu ya unene wake, kingo zimemeguka, na kwenye uzi wa fimbo palikuwa na alama za bati la chasisi likisaga. Kibomba cha zamani pengine kiliganda kwa kutu na kukatwa na patasi, kisha hakikutafutwa kingine. Upande wa kulia kilikuwepo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa ikivuta gari kushoto kwenye breki na kula tairi. Mkono usioshikwa mbele na nyuma unabadilisha uelekeo wa gurudumu kila breki inaposhikwa, na hakuna mashine ya alaimenti, ile ya kupima na kunyoosha magurudumu, inayoweza kuponya hilo. Alaimenti ilikuwa imefanywa, tena baada ya kelele kurudi. Pesa hizo zilipotea bure.

Jambo la mwisho ni dizeli. Chini ya gari palikuwa pamenyunyiziwa mchanganyiko wa dizeli na oili chafu, huduma ambayo sehemu nyingi za kuoshea magari hutoa kama kinga ya kutu. Mpira wa bushi unafyonza mafuta, unavimba na kulainika, na ukilainika unachanika upesi. Hayo mafuta hayakuziua bushi hizi, lakini yaliharakisha. Tulimkataza dereva kabisa. Maji, sabuni na brashi vinatosha chini ya gari, na palipo na kutu papakwe rangi.

Kazi ilivyofanywa

Mama alipendekeza bushi za poliyurethani, zile ngumu za rangi, kwa sababu aliambiwa hazifi. Zina faida yake kweli. Mpira wake haukushikamanishwa na bomba la ndani, unateleza juu yake kwa grisi ya silikoni, kwa hiyo hazidhuriki kwa kukazwa gari likining'inia. Lakini kwa gari linaloshinda kwenye vumbi na tope la mashambani sikuzishauri. Mchanga ukiingia kati ya plastiki na bomba unasaga, grisi inakauka, kelele zinaanza, na kila pigo la shimo linapita moja kwa moja hadi kwenye chasisi ya gari lenye miaka mingi. Tukakubaliana kwenye mpira. Kisha nikamwomba akanunue kwa muuzaji yuleyule, aina ileile, boksi lilelile. Alinitazama kwa muda. Nilitaka kitu kimoja tu kibadilike kati ya kazi ile na hii, ili ikifa tena tujue ni nani wa kumwendea.

Kabla ya kufungua chochote, tosheni ba zililegezwa. Nondo hizo zimebeba uzito wa mbele wote, na mkono ukifunguliwa zikiwa zimepinda unaweza kuruka na kuvunja mkono wa mtu. Tulipima bolti ya kurekebishia imejitokeza kiasi gani kila upande, tukaweka alama ya rangi kwenye nondo na kishikio chake, ndipo tukalegeza. Alama hizo zinaokoa nusu ya siku wakati wa kurudisha.

Bushi za zamani hazikuchomwa kwa moto. Najua gesi ni haraka, lakini moshi wa mpira ule ni sumu kwa anayeuvuta, na joto linaharibu mkono wa chuma usioonekana kuharibika. Zilitolewa kwa presi. Moja iliyogoma tulipasua bomba lake la nje kwa msumeno, kata moja ya urefu, kwa uangalifu msumeno usile tundu la mkono. Tundu likasafishwa kwa msasa mwembamba na kukaguliwa kama bado ni duara. Lilikuwa duara. Bushi mpya ziliingia kwa presi, zikisukumwa kwenye bomba la nje pekee, na kilainishi kilikuwa maji ya sabuni. Nyundo haikutumika. Bushi inayopigwa nyundo inajikunja ukingo, na inayosukumwa kupitia bomba la ndani inachanika kabla haijaona barabara.

Strati ba ilipata raba mpya, wosha zikatazama kunakotakiwa, na kibomba kilichokosekana kikapatikana kwenye gari la kukatwa. Nati ya nyuma ya strati ba ndiyo inayoamua gurudumu likae mbele au nyuma kiasi gani, yaani kasta. Kwa kawaida tungeihesabu uzi wake na kuirudisha palepale, lakini katika kazi ya kwanza ilikuwa imezungushwa pande zote mbili. Tukasawazisha kulia na kushoto kwa kipimo, na kuacha mashine ya alaimenti iamue mwisho.

Sasa ndipo sehemu ambayo kazi yote ilikuwa inaisubiri. Bolti za mikono ya chini ziliingizwa, nati zikazungushwa mpaka zikagusa tu, bila kukazwa. Magurudumu yakafungwa, tosheni ba zikarudishwa kwenye alama, gari likashushwa. Likasukumwa mbele na nyuma, likabonyezwa pua mara kadhaa ili mikono ipate mkao wake. Tukapima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto. Kushoto kulikuwa chini kwa sentimita moja na nusu, jambo la kawaida kwa tosheni ba za umri huu. Tukainua kwa bolti ya kurekebishia, tukabonyeza tena, tukapima tena, hadi pande zote zikalingana. Urefu ni lazima utangulie, kwa sababu ukikaza kwanza kisha ukabadilisha urefu, umeusokota mpira kwa mlango wa nyuma. Kwa sababu hiyohiyo tulilegeza pia nati za mikono ya juu ili zikazwe upya katika urefu mpya.

Kisha, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya shimo, fundi akiwa chini, nati zote zikakazwa kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Zilikuwa nati mpya.

Gereji nyingi hazina shimo, na nadhani hapo ndipo tatizo linapoanzia. Gari likiwa chini, spana haipati nafasi, kwa hiyo kila kitu kinakazwa likiwa juu ya stendi. Shimo si lazima. Kabla ya kuinua gari, pima kitovu hadi madigadi na uandike kipimo hicho. Kazi ikifika kwenye kukaza, weka jeki imara chini ya mkono wa chini na uuinue mpaka kipimo kile kirudi, chasisi ikiwa bado imelindwa na stendi. Kwa mpira, hapo gari limesimama. Kaza, kisha nenda upande wa pili. Au pandisha magurudumu yote manne juu ya vipande vya mbao nene vya kutosha mtu kuingia chini. Yote hayo hayaongezi hata saa moja kwenye kazi.

Alaimenti ikafuata siku hiyohiyo. Kasta ya kushoto ilihitaji kurekebishwa kidogo kwenye strati ba, kemba (gurudumu kulalia ndani au nje) ilikuwa ndani ya kipimo, na tou (magurudumu kuelekea ndani au nje kwa mbele) ikawekwa mwisho kama inavyotakiwa. Tairi ya kushoto iliyoliwa ikahamishiwa kwenye nafasi ya akiba. Tulimwambia dereva apeleke mzigo wake wa kawaida, magunia 20 ya kilo 50, kisha arudi kabla ya safari inayofuata. Aliporudi, nati moja ya strati ba ilichukua robo ya mzunguko, nyingine hazikusogea.

Fidia

Mama alichukua bushi ya kushoto iliyokatwa akaenda nayo kwanza dukani, kumwambia muuzaji kwamba lawama haikuwa yake. Kisha akaenda gereji ya kwanza. Fundi wa huko alikuja kwetu mwenyewe, akaomba aone mstari wa rangi. Bushi ya kulia ilikuwa bado ipo, alama zake hazijafutika. Aliigeuzageuza, akauliza maswali mazuri, na akakubali kurudisha pesa za ufundi. Spea alisema hawezi kuzilipa zote, na mama akaliachia hapo. Kwa maoni yangu haki ingekuwa alipe na tairi, kwa sababu kukosekana kwa kibomba hakutokani na kutofahamu, fundi aliyefungua strati ba alikiona kikitoka. Lakini gari ni la mama na uamuzi ulikuwa wake.

Msimu wa kuvuna viazi ulipokwisha tuliliingiza tena juu ya shimo. Mtaimbo haukupata nafasi ya kusogeza mkono upande wowote. Mpira wa kushoto na wa kulia haukuwa na mpasuko, na tairi zilikuwa zikiliwa sawa upana mzima. Kuna mchezo mdogo kwenye usukani ambao haukuhusiana na bushi. Unatoka kwenye aidla am, mkono unaoshikilia fimbo za usukani, na tayari spea yake imeagizwa. Ikishafungwa, tou itapimwa upya, ndipo tairi mpya ya kushoto itakapowekwa.